Lugha ya Njiani: Kutoka Misafara ya Tabora hadi Magrupu ya Simu

Mtu anayetaka kufahamu jinsi kundi la watu waliotawanyika, wasiofahamiana kwa sura wala kwa ukoo, linavyojitengenezea namna yake ya kusemezana, hana sababu ya kuanzia kwenye intaneti, kwa kuwa mfano mkubwa wa jambo hilo katika Afrika ya Mashariki ulitokea kwenye njia ya miguu iliyotoka Bagamoyo, ikakatiza Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Magrupu ya simu, yaani makundi ya watu wanaopelekeana ujumbe kwa pamoja bila kuonana, huelezwa mara nyingi kana kwamba ni jambo lililoanza jana, na lugha yake hulaumiwa kuwa inaharibu Kiswahili. Mazungumzo haya yanashikilia kwamba lawama hiyo imekosea, na kwamba kosa lake linaonekana wazi katika historia ya wapagazi wa Unyamwezi, yaani wabeba mizigo wa nchi inayozunguka Tabora, kwa sababu Kiswahili chenyewe kilisambaa bara kwa midomo ya watu wa njiani ambao hakuna aliyewafundisha sarufi, watu waliokichukua kwa mahitaji ya kazi yao na kukitia maneno, ishara na taratibu ambazo pwani haikuwa nazo.

Tabora ya karne ya 19, ambayo wageni waliijua zaidi kwa jina la Kaze, ilikuwa katika nchi ya Unyanyembe, na hapo ndipo njia zilipogawanyika, moja ikielekea magharibi hadi Ujiji na Manyema, nyingine ikipanda kaskazini kupitia Karagwe hadi Buganda. Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika hapo tarehe 7 Novemba 1857, walikuta mji wa wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wanaoishi katika matembe, yaani nyumba za udongo zenye mapaa bapa. Lakini Wanyamwezi walikuwa wameanza kupeleka bidhaa pwani kwa mabega yao kabla ya wafanyabiashara hao kujenga huko, na kazi ya upagazi, yaani kubeba mizigo ya safari kwa malipo, ilikuwa tayari fani yenye heshima na desturi zake. Mwendo kutoka pwani hadi Tabora ulichukua miezi miwili au mitatu, wakati mwingine zaidi, na msafara mmoja uliweza kuwa na watu mamia kadhaa: Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa pwani na Unguja waliojiita Wangwana, Wamanyema, wake za wapagazi waliobeba vyungu na watoto, pamoja na watumwa ambao hawakuchagua safari hiyo na ambao mateso yao hayapaswi kusahauliwa kila desturi za njia hiyo zinaposifiwa. Watu hawa hawakuwa na lugha moja ya mama, hawakuwa na mfalme mmoja, na wengi wao hawakuwa wameonana kabla ya siku ya kufunga mizigo. Hata hivyo ilibidi waamke pamoja, wapite kwenye nchi za watu wengine, wagawane chakula na wafike.

Tatizo la kwanza lilikuwa umbo la njia yenyewe. Kijia kilikuwa chembamba, watu walitembea mmoja nyuma ya mwingine, na mstari wa msafara mkubwa ulikuwa mrefu kiasi kwamba aliye mwisho hakuweza kumwona wala kumsikia aliye mbele. Hapo ndipo ulipopatikana mfumo wa alama ambao Burton aliueleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1860. Mbele kabisa alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, aliyevaa kitambaa chekundu na kofia ya ngozi ya mbega yenye manyoya meusi na meupe, ili macho yote yamtambue kwa mbali. Karibu naye palikuwa na bendera na ngoma, na baragumu la pembe ya mnyama lililia wakati wa kuondoka, wakati wa kukaribia kijiji na wakati wa kufika. Wabeba pembe za ndovu walitangulia wengine kwa sababu mzigo wao ulikuwa wa thamani na wa fahari, na kwenye ncha ya pembe walifunga kengele iliyolia kwa kila hatua, kiasi kwamba mwenyeji aliyekuwa shambani alijua, kabla hajamwona mtu, ni bidhaa gani inayopita. Penye njia panda kirangozi aliifunga njia isiyofaa kwa tawi, kwa majani au kwa mstari aliouchora chini, na mpagazi aliyechelewa, hata akiwa peke yake saa kadhaa nyuma ya wenzake, aliusoma ujumbe huo bila kuuliza.

Jioni kambini mawasiliano yalichukua sura nyingine. Kirangozi au mnyampara, yaani mkuu wa wapagazi anayesimamia nidhamu na kuwasemea kwa mwenye mali, alisimama na kuita watu wasikilize, umati ukaitikia kwa pamoja, kisha tangazo likatolewa kama kesho kuna safari au kuna mapumziko, maji yako mbali kiasi gani, na posho itagawanywa lini. Kuitikia huko kulikuwa na kazi maalumu: kwanza kulithibitisha kwamba habari imewafikia watu wote, na pili kuliwapa wapagazi nafasi ya kuonyesha kwa ukimya au kwa manung'uniko kwamba hawakubali. Wapagazi walikuwa watu wa mkataba, na pale walipoona posho ni haba au mwendo ni wa kuua, waligoma, wakaweka mizigo chini, na mwenye mali alilazimika kuzungumza. Wasafiri wengi wa Ulaya, ambao hawakuielewa lugha hii ya pamoja, waliandika kwamba wapagazi ni wakaidi na wavivu, hukumu ambayo haistahili kurudiwa leo, kwa kuwa walichokiona ni watu wanaojua kujadiliana kwa sauti moja.

Sehemu yenye utajiri kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa namna ya kushughulikia mgeni. Misafara miwili ilipokutana njiani, virangozi wao walisogeleana kwa hatua za madaha, wakisimama na kutazamana kwa upande, kisha wakainama ghafla na kugongana vichwa kama mabeberu, na watu waliokuwa nyuma yao wakafanya vivyo hivyo kwa kishindo ambacho mtazamaji angedhani ni vita. Kama hapakuwa na kisasi kati yao, mambo yaliishia kwenye vicheko, na msafara dhaifu ukaupisha wenye nguvu. Mchezo huo ulijibu kwa muda mfupi maswali ambayo maneno yangeyajibu polepole na kwa hatari, yaani nani apite kwanza, nani ana nguvu zaidi, na kama kuna ugomvi wa zamani unaohitaji kutatuliwa.

Hapa ndipo unapopatikana msingi mmojawapo wa utani, desturi inayojulikana nchini Tanzania kote, ambayo chini yake watu wa makabila mawili, koo mbili au jamaa fulani huruhusiwa kudhihakiana, kunyang'anyana vitu vidogo na kuambiana maneno makali bila yeyote kukasirika, na papo hapo hubebeshwa wajibu wa kusaidiana, hasa penye msiba, ambapo mtani huingia kaburini, hufanya kazi ngumu na huwachekesha wafiwa. Utani wa makabila una asili zaidi ya moja, na vita vya zamani vilivyokwisha kwa suluhu vimehesabiwa miongoni mwake. Lakini utani wa Wanyamwezi na Wasukuma kwa upande mmoja na Wazaramo kwa upande mwingine hauwezi kuelezeka vizuri bila njia ya misafara, kwa sababu Mzaramo alikaa mwishoni mwa safari, mahali ambapo mtu wa bara alifika amechoka, hana ndugu, na pengine anakufa kwa ugonjwa katika nchi ambayo hana wa kumzika. Kumfanya mtani kulikuwa kumpatia ndugu wa dharura, na dhihaka ndiyo iliyokuwa kibali cha undugu huo. Ni vigumu kupata katika historia ya eneo hili uvumbuzi wa mawasiliano unaostahili heshima zaidi ya huu, yaani kuugeuza uadui unaowezekana kuwa mzaha wenye wajibu ndani yake.

Watu wa njiani walibadilisha pia majina yao. Mtawala wa Urambo aliyepigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871 hadi kuzuia njia ya Ujiji alizaliwa na kuitwa Mbula Mtelya, lakini ulimwengu unamjua kwa jina la vita la Mirambo, ambalo kwa Kinyamwezi lina maana ya maiti. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye baba yake alikuwa na makao Tabora, anajulikana kwa jina la Tippu Tip, linalosemwa kuwa limetokana na mlio wa bunduki zake, na afisa wa Kijerumani Tom von Prince, aliyeongoza shambulio lililomaliza utawala wa Isike wa Unyanyembe mnamo Januari 1893, aliitwa Bwana Sakarani. Majina haya hayakuchaguliwa na wazazi. Kwa sehemu kubwa yalitungwa na kundi lililomtazama mtu akitenda, likaeneza sifa au hofu yake hadi kwa watu ambao hawajamwona, kwa hiyo jina lilitangulia kufika kabla ya mwenyewe. Watumiaji wa mitandao ya leo, wanaojulikana na maelfu kwa majina ambayo hayamo katika vyeti vyao vya kuzaliwa, wanaendeleza utaratibu huohuo, ingawa tofauti moja inafaa kuzingatiwa: leo mtu hujipa jina mwenyewe, na kundi hubaki na uwezo wa kulikubali au kumpachika jingine.

Alama zinazoeleweka na kundi zima zina udhaifu wake, kwa maana anayezifahamu anaweza kuzitumia kudanganya, na njia ya Tabora ina mfano mashuhuri wa jambo hilo. David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na wafuasi wake wakiongozwa na Chuma na Susi wakaamua kuubeba mwili wake hadi pwani. Walipitia Unyanyembe mnamo Oktoba mwaka huo, wakakutana hapo na msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike mwili huo Tabora, nao wakakataa. Baada ya kuondoka huko walikabiliwa na upinzani wa wenyeji ambao hawakutaka maiti ipitishwe katika nchi yao, na hapo wakatumia ujuzi wao wote wa lugha ya mizigo: walitengeneza mzigo wa bandia wa mabua uliofungwa kwa umbo la maiti, wakawapa wenzao wachache wajifanye wanaurudisha Unyanyembe kuuzika, nao hao walipofika mbali wakayatupa mabua porini, huku mwili halisi ukifungwa upya kama robota la kawaida la nguo ambalo hakuna ambaye angelitilia shaka. Mwili huo ulifika Bagamoyo mnamo Februari 1874. Watu hao walifaulu kwa sababu walijua hasa mzigo upi husomwaje na nani, na hila yao ilikuwa ya uaminifu kwa marehemu. Hila ya siku hizi haina heshima hiyo, lakini inafanya kazi kwa kanuni ileile: ujumbe mfupi unaosema kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, ambao Watanzania wengi sana wamewahi kuupokea tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoenea, humnasa mtu kwa sababu umevaa sura ya ujumbe wa kawaida kabisa kati ya ndugu, na umetumwa kwa watu wengi ili umkute mmoja ambaye kweli alikuwa akingoja kumtumia mtu hela.

Kiswahili kilichotembea na misafara hakikubaki kama kilivyotoka Unguja na Mrima, yaani pwani ya bara inayoikabili. Wangwana, jina walilojiita watu wa misafara waliofuata mwenendo wa pwani, wakiwamo waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa, walikizungumza na Wanyamwezi, Wabembe na Wamanyema hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na huko mashariki ya Kongo lugha hiyo ya kambini ilizaa lahaja iliyoitwa Kingwana, ambayo uzao wake ni Kiswahili cha mamilioni ya Wakongo wa leo. Wajuzi wa pwani wangeweza kukisahihisha Kiswahili hicho kila sentensi, na bado kilifanya kazi ambayo Kiswahili cha mashairi hakikuweza kuifanya, yaani kuwaunganisha watu wasio na lugha nyingine ya pamoja. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya upagazi wa masafa marefu ilikwisha haraka, kirangozi akakosa njia ya kuongoza, lakini lugha ilikuwa imekwishapata wenyewe.

Kwa mtazamo huo ndipo inapofaa kuitazama lugha ya simu. Ujumbe mfupi wa maandishi ulikuwa na kikomo cha herufi 160 na kila mmoja ulilipiwa, kwa hiyo vijana waliandika "cjui" badala ya sijui, "2taonana" badala ya tutaonana, na wakaenda mbele zaidi kwa kuandika "xaxa" badala ya sasa, ambapo hakuna herufi iliyookolewa na kilichobaki ni alama ya rika, kwa namna ileile ambayo ngozi ya mbega haikumsaidia kirangozi kutembea bali ilimtambulisha. Mipaka ya fedha na nafasi ilipolegea baada ya ujio wa WhatsApp, sehemu kubwa ya vifupisho hivyo ilififia, na mahali pake pakachukuliwa na taratibu za kundi, ambazo ni jambo zito zaidi. Grupu la ukoo au la mtaa lina msimamizi anayeitwa admini, ambaye kazi yake ya kuonya, kupatanisha na kutangaza inafanana mno na ya mnyampara. Mwanachama anayejiondoa kwa hasira husemwa kuwa "amelefti", na tendo hilo huchukuliwa kuwa tamko linalohitaji ujumbe wa wazee kwenda kumwuliza. Anayeleta hoja ndefu huimaliza kwa kusema "naomba kuwasilisha", maneno ya mikutano rasmi na ya bungeni yaliyohamia kwenye skrini ili kumwonyesha msomaji kwamba mwandishi amemaliza na sasa anangoja kuitikiwa.

Lililo kubwa kuliko yote ni orodha ya mchango. Msiba, harusi au ugonjwa unapotokea, mtu mmoja huandika jina lake na kiasi alichotoa au alichoahidi, wa pili huinakili orodha nzima, akaongeza mstari wake chini na kuirudisha kwenye grupu, na orodha huzidi kurefuka kwa mikono ya watu walioko Tabora, Dar es Salaam, Muscat na London, huku alama ya vema ikiwekwa mbele ya kila aliyekwisha kulipa. Hakuna kampuni iliyobuni utaratibu huu, na programu hazikutengenezwa kwa ajili yake. Umetungwa na watu waliotaka uwazi wa fedha bila kuitisha mkutano, na una ustadi wa kijamii ndani yake, kwa kuwa kila anayeongeza jina anaona waliomtangulia wametoa kiasi gani na kila aliyekaa kimya anajua kwamba ukimya wake unasomeka.

Utani nao umehamia humo. Mashabiki wa Simba na Yanga, klabu za soka zilizoanzishwa miaka ya 1930 ambazo magazeti huziita watani wa jadi, hutupiana maneno ya "Utopolo" na "Makolo" mitandaoni kutwa nzima, na mgeni asiyejua desturi angedhani watu hao hawawezi kuketi pamoja. Hata hivyo shabiki mmoja anapofiwa, dhihaka husimama na salamu za pole humiminika kutoka upande wa pili, jambo linaloonyesha kwamba kanuni ya zamani bado inatambulika. Ubaya huanza pale mtu anapotumia ukali wa utani kwa asiye mtani wake, hasa kwa wanawake na kwa watu wa dini au kabila lililolengwa kwa chuki, na kisha kujitetea kwamba alikuwa anatania. Utetezi huo ni wa uongo, kwa sababu utani usio na wajibu wa kumzika mwenzako ni matusi, na wasimamizi wa magrupu wana kila haki ya kuutambua hivyo na kuukomesha.

Yanayojulikana leo kuhusu lugha ya misafara yamepona kwa bahati. Mengi yaliandikwa na wasafiri wa Ulaya ambao waliyasikia nusunusu. Machache yaliandikwa na Waswahili wenyewe, kama Tippu Tip katika maelezo ya maisha yake, Sleman bin Mwenye Chande katika habari za safari yake ya bara iliyotoka katika kitabu cha Mjerumani Carl Velten cha mwaka 1901, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo katika Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903. Nyimbo za wapagazi, mizaha yao na maneno waliyoitikiana usiku kambini kwa sehemu kubwa yamepotea pamoja na walioyasema, na mazungumzo ya magrupu ya simu yanapotea kwa kasi kubwa zaidi, maana simu ikiibwa au kuharibika, miaka mingi ya maneno ya ukoo huweza kutoweka kwa siku moja. Walimu wa Kiswahili wa shule na vyuo vya Tabora na kwingineko, badala ya kuwakemea wanafunzi kwa namna wanavyoandikiana, wawape kazi ya kukusanya, kwa ridhaa ya wenyewe na kwa kuficha majina, orodha za mchango, salamu za msiba, majina ya utani na taratibu za kutangaza habari zinazotumika katika magrupu ya koo zao. Na kila msikilizaji mwenye mzee aliyesikia kwa babu yake habari za safari za pwani, ampigie simu wiki hii, amwombe asimulie, na arekodi.